Mwamvuli Chini ya Miguu

Kwa miaka thelathini na minane nilisimama mbele ya mashine za chapa, na karibu miaka hiyo yote watu waliniita Milimita. Sikuwahi kuwakataza. Karatasi ikikaa upande kwa unene wa unywele, nilikuwa naiona kutoka mlangoni kabla sijavua kofia. Wenzangu walitumia rula kupima. Mimi niliitumia kuwaonyesha kwamba nilikuwa nimeshajua.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, tulimwita Mkasi. Tulikuwa kiwanda kimoja. Jina hilo nilimpa mimi, siku alipoondolewa kwenye mashine ya rangi akapelekwa kwenye mashine ya kukata karatasi, kwa kosa la kuharibu mabango mia tano ya mwenye duka la miamvuli. Bango lilikuwa na mwanamke wa rangi ya bluu na mwamvuli mwekundu. Mwamvuli, badala ya kukaa juu ya kichwa cha mwanamke, ukatokea chini ya miguu yake. Tangu siku hiyo, na sasa ni zaidi ya miaka arobaini, kila familia inapokusanyika lazima mtu aseme, "Milimita, tupe ile ya mwamvuli." Nami nainuka naisimulia, huku Mkasi amekaa palepale, anatafuna taratibu na kuitazama sahani yake. Naisimulia vizuri. Nina mahali pa kunyamaza, nina mahali pa kuinua nyusi.

Kuna kipande kimoja tu ambacho nilikuwa nakiruka. Mabango yale niliyaharibu mimi.

Nitaeleza. Lakini kwanza niwapeleke kwenye jumba la sanaa, maana huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Jumba la sanaa la mji wetu zamani lilikuwa posta. Kaunta wameziondoa, ila ukiusogelea ukuta wa nyuma bado unasikia harufu ya gundi ya stempu. Tangu nistaafu nimekuwa mtu wa pale. Kila Alhamisi alasiri kuna somo la bure kwa watu wazima, la namna ya kutazama picha, na mimi hukaa kiti cha mbele na daftari langu. Walinzi wamenizoea. Mmoja wao, akitaka kujua kama fremu imekaa sawa, hahangaiki kutafuta kipimo. Anangoja nipite. Nikikunja uso, anakwenda kuleta ngazi.

Msimu ule walikuwa wameweka maonyesho mawili kwa pamoja. Ukumbi wa chini ulijaa chapa za kisasa zilizoazimwa kutoka majumba ya nje, kila moja chini ya kioo, kila moja na taa yake. Ghorofa ya juu walipewa wasanii wetu wa leo. Mke wangu hakutaka kuja. Alisingizia miguu. Nikamwambia picha hazitazamwi kwa miguu. Akaja, kwa sharti kwamba nisiongee sana.

Chini niliongea sana.

"Hii," nikamwambia, "imechongwa kwenye mbao. Pale peupe ndipo kisu kilipopita. Ile imechorwa juu ya jiwe kwa mafuta. Na hii hapa imekwanguliwa kwa sindano kwenye bati la shaba, halafu bati likatiwa asidi."

"Na hii?"

"Hii wamemwaga wino."

"Hata mimi naona wamemwaga. Nilitaka kujua kama na wewe umeona."

Ghorofani alichangamka kidogo. Kulikuwa na milango mikuukuu iliyopakwa rangi na msanii mmoja wa kike, samaki mkubwa wa vifuniko vya chupa, na koti refu lililoshonwa kwa mifuko ya saruji. Koti akalipenda. Akamwuliza mlinzi kama anaweza kulijaribu. Mlinzi akamwambia haliguswi. Akasema basi lirudishwe kabatini, watu wasitamanishwe bure.

Mwisho wa ukumbi kuna chumba kidogo, zamani kilikuwa cha vifurushi. Juu ya mlango waliandika: Chapa za Kwetu. Nikaingia nikiwa mbele, kifua nje, kama mwenye nyumba. Na pale ukutani, peke yake, ndani ya fremu nyeupe, alikuwa amesimama yule mwanamke wa bluu. Mkono mmoja juu, ameshika hewa. Chini ya viatu vyake, mwamvuli mwekundu umefunguka kama bakuli.

Nikageuka kutazama kama mke wangu ameshaingia.

"Jamani!" mke wangu akapiga makofi. "Si ndilo lile bango la kaka?"

Pembeni kulikuwa na kibao. Nilitaka nisimame mbele yake asikione, lakini mwanamke niliyeishi naye muda wote huo ananijua nikianza kusogeasogea. Akanisukuma kwa kiwiko, akasoma kwa sauti. "Mkasi. Mwanamke na Mwamvuli. Chapa ya rangi mbili. Kwa kuushusha mwamvuli kutoka kichwani hadi miguuni, msanii anatuuliza: nani alituambia kwamba hatari hutoka juu?"

Akarudia kusoma. Kisha akanigeukia.

"Kumbe kaka alikuwa anauliza swali."

"Alikuwa haulizi kitu."

"Imeandikwa hapa anauliza. Na wewe miaka yote unamcheka. Mtu anauliza swali la maana, wewe umekazana kucheka."

"Mke wangu, lile lilikuwa kosa."

"La nani?"

"La kazi," nikasema.

Wakaingia vijana wawili. Mmoja akatoa simu akaipiga picha ile. Mwingine akatikisa kichwa akasema, "Huyu mzee aliona mbali." Nilidhani nitaona aibu. Nitasema kweli, niliona wivu, kama mtu anayemkuta jirani amevaa shati lake na limemkaa vizuri kuliko lilivyomkaa yeye.

Nikamwacha mke wangu kwenye benchi nikashuka moja kwa moja ofisini kwa msimamizi wa maonyesho. Ni dada wa miwani ya duara, mpole, mwenye meza ambayo haijawahi kuonekana uso wake kwa makaratasi.

"Shikamoo mzee. Leo fremu gani?"

"Marahaba. Leo siyo fremu. Ile picha ya mwamvuli siyo sanaa. Ni kosa la kiwandani. Mwamvuli ulitakiwa kuwa juu. Mwanamke anajikinga mvua, basi, hakuna swali."

Nilitegemea asikitike. Badala yake alivuta kiti. "Kosa! Mzee, kaa. Hii inazidi kuwa nzuri. Mzee Mkasi alivyotuletea hakusema ni kosa, alisema tu ni ya kwake. Sasa nieleze, aliyekosea ni yeye mwenyewe au ni mtu mwingine? Maana kama ni mwingine, kibao lazima kibadilike, jina la huyo mtu lipande. Jumamosi tuna mazungumzo na wasanii, na baada ya hapo picha inaingia kwenye hazina ya kudumu. Jina likishaandikwa kwenye kitabu cha hazina, halitoki."

Akashika kalamu. Akangoja.

Jina langu lilifika mpaka kwenye meno. Lakini ukisema hilo jina, unasema pia kwamba Milimita alipiga mabango mia tano kichwa chini. Na unasema hivyo wakati mke wako yuko ghorofani kwenye benchi.

"Ni mashine," nikasema.

"Mashine ilikosea?"

"Mashine."

Akaandika. Kesho yake nilipokwenda nilikuta mstari mpya chini ya kibao: Msanii alifanya kazi hii kwa kushirikiana na mashine. Ndivyo nilivyoingia kwenye historia ya sanaa mara ya kwanza.

Nikaenda kwa Mkasi. Nilimkuta mbele ya kioo, amevaa kofia laini ya duara aliyoiazima kwa mjukuu wake wa kike.

"Karibu shemeji. Unaionaje, niiache hivi au niilaze upande?"

"Vua hiyo kofia tuzungumze."

"Msanii haamriwi kofia."

"Unajua vizuri nani alilipiga lile bango."

"Najua."

"Sasa?"

Akageuka. Mkasi ni mtu wa maneno machache, na siku hiyo nilielewa kwamba alikuwa anayaweka akiba. "Sasa nini? Lilipokuwa kosa, lilikuwa langu. Harusini langu, msibani langu. Siku namwoza binti yangu uliinuka mbele ya wakwe ukawasimulia kwamba ni langu. Leo limekuwa sanaa, ndiyo umekumbuka ni lako?"

Nikavuta kiti nikakaa. Ukweli ni huu. Ile mashine ya rangi ilikuwa ya Mkasi. Siku ile, mchana, alitoroka kazini saa mbili nzima, na mimi niliyemaliza kula mapema nikashika mashine yake ili bosi asigundue. Bluu ilikuwa imeshapigwa na kukauka. Ilibaki nyekundu, halafu maneno kwa wino mweusi. Mkasi aliporudi, rundo lote la nyekundu lilikuwa limekwisha na bosi alikuwa amesimama juu yake, ameshika bango moja kwa ncha za vidole. Kama Mkasi angesema "sikuwepo", angefukuzwa kazi kwa kutoroka. Akanyamaza akinitazama mimi niseme. Mimi nikanyamaza nikitazama kama yeye atasema. Bosi akauchukua ule ukimya kuwa jibu.

Na alitoroka kwenda wapi? Hicho ndicho kipande kibaya zaidi. Alikuwa amebeba barua yangu. Wakati huo dada yake alikuwa hajawa mke wangu, na baba yao alikuwa haruhusu mwanamume asimame hata upande wa pili wa barabara. Nilimsihi Mkasi wiki nzima.

"Haya, kosa tuliache," nikamwambia. "Lakini bango lenyewe ulilipata wapi? Bosi aliamuru yote yakatwe."

"Mimi ndiye niliyeyakata. Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kwenye ile mashine. Vipande vya kuandikia ujumbe, umesahau? Hata wewe ulikuwa na bunda mezani. Nilikata mia nne tisini na tisa. Moja nikalizungusha kiunoni chini ya shati, nikatoka nalo nimenyooka kama askari."

"Kwa nini?"

Akaivua kofia mwenyewe. "Lilinipendeza, shemeji. Nyinyi wote mliona limeharibika. Mimi niliona mama amesimama ndani ya ua jekundu. Nikasema huyu ameacha kujikinga. Nimelala nalo ukutani chumbani miaka yote, hata mke wangu marehemu alikuwa analisalimia asubuhi." Kisha akaivaa tena kofia. "Sasa kama unataka jina, Jumamosi njoo ulichukue. Simama mbele ya watu useme, 'Mimi Milimita, niliyapiga mia tano, kichwa chini.' Dada yangu atakuwepo. Ukimaliza, mwambie na barua ilikuwa na nani."

Alijua sitaweza. Nilirudi nyumbani nikamkuta mke wangu anapiga pasi gauni lake zuri, anaimba, na juu ya kiti amelaza suti yangu. "Jumamosi tunakwenda kumpongeza kaka," akasema. "Na wewe utapiga makofi."

Jumamosi walipanga viti kama arobaini kwenye ghorofa ya juu na vikajaa, wengine wakakaa sakafuni. Picha ilikuwa imeletwa kutoka chumba cha vifurushi ikawekwa kwenye kiegemeo cha miguu mitatu cha wachoraji. Mkasi alikaa pembeni yake, kofia imelazwa upande, mguu juu ya mguu. Mimi na mke wangu tulikuwa safu ya pili.

"Mzee wetu," msimamizi akaanza, "ulianza na rangi gani?"

"Nilianza na bluu," akasema Mkasi. Akatulia. "Bluu ni rangi ya kusubiri."

Watu wakaandika.

"Na nyekundu?"

"Nyekundu ilikuja yenyewe. Baada ya chakula cha mchana."

Wakapiga makofi. Mke wangu alinitazama mikono, nikapiga. Hakuna neno la uongo alilokuwa amesema, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Aliulizwa kuhusu mkono ulioshika hewa, akajibu kwamba kila mtu ana kitu alichowahi kudhani amekishika. Mama mmoja kwenye safu ya mbele akafuta macho. Nikaona jina limekwisha kwenda. Nikajiambia, liende. Nimebaki na heshima yangu, na nyumba yangu ina amani, liende.

Ndipo akasimama yule msanii wa milango. Mikono yake ilikuwa na wino kwenye kucha, nikampenda kabla hajafungua mdomo.

"Mzee, mimi pia napiga chapa. Naomba unifundishe. Nimeitazama kazi yako kwa kioo cha kukuzia. Kuna mstari wa bluu umezunguka picha yote, na ndani yake kuna mstari mwekundu. Pengo kati ya mistari hiyo ni milimita moja. Pande zote nne. Umeipiga nyekundu kichwa chini, na bado mistari haijagusana popote. Hata mpini wa mwamvuli umepita katikati ya viatu viwili bila kugusa kimoja. Mimi nimejaribu mara thelathini, siwezi. Ulifanyaje?"

Waliokaa nyuma wakanyoosha shingo kutazama. Miaka arobaini na zaidi, na mtu wa kwanza kuliona pengo alikuwa ni huyu.

Mkasi akashika kofia. Macho yake yakanitafuta kwenye safu ya pili, yakanipata, na nikaona ana wasiwasi kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hakuwa anajua. Angejuaje?

"Kwa kweli, binti yangu," akasema, "nilifumba macho. Nikauachia mkono uende unakotaka."

"Haiwezekani!"

Sauti hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeshasimama kabla sijaamua kusimama.

"Mkono uende unakotaka? Mstari mwembamba namna ile, mkono uende unakotaka? Nilikuta mashine imefungwa ovyo, nikafungua kila kitu nikafunga upya! Vizuizi vitatu vya kukalishia karatasi, viwili chini na kimoja ubavuni, nikavisogeza kwa vipande vya karatasi ya sigara, kimoja kimoja! Kila baada ya karatasi kumi nasimamisha mashine, naweka kioo kwenye pengo, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne! Milimita moja! Mia tano, na hakuna hata moja iliyogusa! Kufumba macho!"

Watu wote walikuwa wamegeuka. Msanii wa milango peke yake ndiye aliyekuwa anaandika.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyeipiga?" akauliza.

"Nani mwingine!"

"Na ulivyoamua kuigeuza kichwa chini, ulikusudia nini?"

Akafungua ukurasa mpya.

"Sikuamua," nikasema. "Rundo la karatasi za bluu lilikuwa limegeuka. Nilikuwa natazama pengo."

"Na mwamvuli?"

"Mwamvuli sikuutazama."

"Karatasi zote mia tano?"

"Pengo lilikuwa sawa!"

Nimeisimulia hadithi ya mwamvuli mara nyingi sana, kwa nyusi na kwa vituo, lakini sijawahi kupata kicheko kama kile. Watu walishikana mabega. Mlinzi wangu wa ngazi aliegemea mlango akajifuta machozi. Yule mama wa safu ya mbele alilia tena, kwa sababu nyingine. Mkasi alikuwa ameinama, mabega yanacheza. Mtu mmoja tu hakucheka, naye alikuwa amekaa ubavuni pangu.

"Na kaka alikuwa wapi?" akauliza mke wangu.

"Alikuwa ametoka."

"Kwenda wapi?"

"Hapo umwulize vizuri, dada," Mkasi akasema kutoka mbele.

Nikatazama viatu vyangu. "Alikuwa amekuletea barua."

"Barua ipi?"

"Ile ya kwanza."

"Ile ya kurasa sita?"

"Saba."

"Ile uliyoniambia uliileta mwenyewe? Ukapanda ukuta wa baba ukararua suruali?"

"Suruali," nikasema, "iliraruka siku nyingine."

Wakaanza kucheka upya. Yeye akakunja pochi yake mapajani, akasema kwa upole, "Nyumbani tutaongea." Maneno mawili. Nimewahi kusomewa onyo la kufukuzwa kazi lenye kurasa tatu, halikuniingia hivyo.

Msimamizi alikuja katikati akiwa amechanganyikiwa kwa furaha. Alisema basi kibao lazima kibadilike, na kitabu pia. Akanigeukia na kalamu, kama siku ile ofisini. "Mzee, tuandike jina lako?"

Mkasi akavua kofia. "Mwandike. Kosa ni lake, amelikiri mbele ya watu, halinihusu tena."

Alisema kwa mzaha, lakini aliiweka ile kofia magotini akaishika kwa mikono miwili, na akamtazama yule mwanamke wa bluu kama mtu anayeaga. Nilikuwa nimepata nilichokifuata. Na kitu cha ajabu, macho yangu yakaenda kwenye picha, na kwa mara ya kwanza maishani yakapita juu ya mistari yote bila kusimama. Nikaona ua. Kweli lilikuwa ua, na mama amesimama ndani yake.

"Subiri," nikamwambia msimamizi. "Mimi nilikuwa nazo mia tano mbele ya macho, sikuona kitu. Huyu alikuwa na moja, akaona. Mwulize aseme aliona nini."

Mkasi akasema. Hakulaza kofia, hakutulia katikati ili watu waandike. Alisema habari ya ua, na ya mke wake marehemu aliyekuwa analisalimia. Alipomaliza wakapiga makofi wote.

"Msanii ni yeye," nikasema. "Lakini pale chini pameazimwa picha tele, na hakuna hata kibao kimoja kinachomtaja aliyezungusha mashine. Sisi tusiwe kama wao. Andikeni: Chapa imepigwa na Milimita. Na herufi zisipungue milimita tano."

"Na lile la mashine tufute?" akauliza msimamizi.

"Lile lifuteni leo."

Sitaeleza yaliyosemwa nyumbani. Hukumu ilikuwa kwamba, siku familia itakapokusanyika tena, nisimame nisimulie ile ya mwamvuli kwa jina langu, pamoja na suruali. Siku ilikuja mapema, maana mpwa mmoja wa mke wangu aliolewa mwezi uliofuata, na nikasimama. Mkasi alicheka mpaka akapaliwa, na wakwe wapya wakadhani ni mgonjwa.

Wiki moja baada ya harusi hiyo msimamizi alituita wote watatu kwenye chumba cha kuhifadhia picha. Karatasi ilikuwa imetolewa kwenye fremu, imelazwa juu ya meza ndefu. Alitupatia glavu nyeupe na penseli, akatueleza kwamba chapa husainiwa kwa penseli, chini, na kwamba picha yetu itasainiwa na wote wawili, msanii na mpiga chapa.

Mkasi akatangulia. Akaweka jina lake chini ya mwamvuli, upande wa kulia, kwa mwandiko wa polepole. Akanipa penseli.

Nikaitazama karatasi. Nikazunguka meza nikaenda upande wa pili. Nikaweka jina langu huko, nikapuliza vumbi la penseli.

"Shemeji," Mkasi akasema, "umeandika kichwani."

"Kichwani kwa nani? Bluu ilipigwa na wewe asubuhi, sina habari nayo. Mimi nilipiga nyekundu. Mtazame mwamvuli. Mwamvuli ukikaa sawa, chini ni huku."

"Mwanamke atasimama kwa kichwa!"

"Hilo ni lako na mwanamke."

Msimamizi alishika miwani yake. Akaenda upande wa Mkasi akatazama, akaja upande wangu akatazama. "Wazee wangu," akasema, "sasa nitaitundika vipi?"

Tulianza kumweleza wote kwa pamoja. Mke wangu, aliyekuwa amekaa mlangoni kwenye kasha tupu, akatukatiza. "Wiki hii hivi, wiki ijayo vile. Na atakayebisha, jina lake lifutwe. Penseli inafutika, si ndiyo?"

"Inafutika, mama," akasema msimamizi.

Hatukubisha.

Wiki ya kwanza ilikuwa yangu. Nilifika wanapofungua milango. Mwamvuli ulikuwa umesimama wima juu, mwekundu, hauna kasoro, na mwanamke wa bluu ananing'inia toka ndani yake, nywele chini, mkono ameunyoosha kana kwamba anataka kuokota kitu kilichoanguka. Mkasi alikuja saa nne. Akasimama kando yangu, akainamisha shingo upande huu, akainamisha upande ule. Nikatoa kioo changu cha kukuzia mfukoni nikampa.

"Kona ya juu kushoto," nikamwambia. "Tazama pengo."

"Ngoja kwanza, shemeji," akasema, bila kukipokea. "Acha nitazame picha."